Skwota wa Nakuru: yapi ya kweli, yapi ya kusingiziwa

Yapo maneno ya Kiingereza yaliyoingia Bonde la Ufa na walowezi, yakazoea hewa ya hapa na kusahau kwao: trekta, dipu, sileji, pareto. Hayo hayana ugomvi na mtu. Skwota ndilo lenye kesi mahakamani. Kwenye baraza la chifu kule Molo lina maana moja, katika Sheria ya Ardhi lina nyingine, na mzee aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi Solai hulitaja kwa maana ya tatu, tena bila aibu, kama anayetaja kazi ya babake.

Katika mchanganyiko huo yamezuka madai ambayo watu huyarudia kwa uhakika mkubwa, ndani ya matatu za Naivasha na kwenye mikutano ya kampeni. Nimeyachukua yale yanayosikika zaidi na kuyapima. Kipimo changu ni swali moja ambalo wengi hawaliulizi: huyu mtu aliingia kwa ruhusa ya nani?

"Skwota ni mtu aliyevamia shamba la mwenyewe."

Uongo, ukizungumzia Nakuru ya wakoloni. Tena ni uongo wa kugeuza mambo juu chini, kwa sababu skwota wa kwanza wa bonde hili aliitwa, akapokewa na kuonyeshwa pa kujenga.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai walifanyiwa mkataba uliowatoa katika malisho yao ya bondeni na kuwasukuma Laikipia na kusini mwa reli. Ardhi iliyobaki ikagawiwa walowezi. Lord Delamere peke yake alikodishwa ekari 100,000 kule Njoro mwaka 1903, kwa miaka 99. Sheria ya ardhi ya 1915 ikaja kuwaongezea walowezi muda hadi miaka 999. Walikuwa na ardhi isiyo na mfano, lakini wengi wao hawakuwa na fedha za mishahara, na kazi ya mikono haikuwa na watu. Kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi ni nafasi, na hicho ndicho walichokitumia kulipa. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleza: njoo na mkeo, watoto wako na mifugo yako, nikupe pa kulima na pa kulisha, nawe unifanyie kazi.

Familia nyingi zilitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri. Baadhi zilikuwa zimepoteza mashamba yao kwa walowezi hao hao kule Kiambu. Nyingine zilikuwa zikiwakimbia machifu na kazi za lazima. Nyingine zilisikia tu kwamba Bonde la Ufa lina nyasi ndefu, na zilikuwa zimesikia ukweli.

Serikali haikukaa pembeni. Mwaka 1918 ilitunga sheria ya wakazi wa mashamba, iliyomtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Sheria nyingine zikafuata mwaka 1925 na 1937. Skwota alikuwa na mkataba. Aliweka kidole gumba mbele ya ofisa wa serikali. Akivunja masharti alishtakiwa kama mhalifu na kuweza kufungwa. Mvamizi gani huyo ambaye serikali inamfunga kwa kosa la kuondoka?

"Basi alikuwa mpangaji kama wapangaji wengine."

Nusu kweli, na nusu hiyo iliuawa na sheria.

Miaka ya mwanzo walikuwapo walowezi waliokaa barazani mwa nyumba zao na kupokea maziwa, samadi, sehemu ya mavuno au hata fedha kutoka kwa Waafrika walioishi kwenye mashamba yao. Wenyewe hawakulima chochote. Ukitazama vizuri, huo ni upangaji kamili: nakaa kwako, nakulipa, kila mtu na mambo yake. Walowezi wakubwa waliuchukia mtindo huu na kuupa jina la dharau walilolitoa Afrika Kusini. Hawakumhurumia mkazi hata kidogo. Kilichowauma ni kwamba Mwafrika aliyeweza kulipa kodi ya fedha hakuwa na haja ya kumlimia mtu, na jirani mvivu alikuwa akiwafungia vibarua shambani kwake bila kuwatumia.

Ndiyo maana sheria ya 1918 ilikataza mkazi asilipe fedha badala ya kazi. Kuanzia hapo kodi yake ikawa jasho tu. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ilimaliza utata wote: ilimhesabu skwota kuwa mfanyakazi, si mpangaji, na haki yake ya kuwa pale ikaisha siku kazi ilipoisha. Iliwapa pia walowezi wa kila wilaya uwezo, kupitia mabaraza yao, wa kupunguza ekari na mifugo ya skwota na kuongeza siku za kazi. Siku 180 zikawa 240, na kwingine 270. Ukiondoa Jumapili, mwaka wenyewe una siku zaidi kidogo ya 310. Mtu huyo alitarajiwa kulima la kwake lini?

Kazi yenyewe ililipwa, lakini kidogo kuliko ya kibarua wa mkataba aliyekuja peke yake na kulala kambini, kwa hoja kwamba shamba alilopewa ni sehemu ya mshahara. Hesabu hiyo ilimpendeza mlowezi mara mbili, kwani pamoja na mume alipata mke na watoto. Wakati wa kuchuma pareto Molo au kahawa Solai, mikono midogo ndiyo iliyotakiwa.

"Skwota alikuwa maskini tangu mwanzo."

Uongo. Hili ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria, kwa vile watoto wa shule wa leo wakisikia neno skwota huona picha ya karatasi za nailoni na mabati yaliyotoboka.

Katika miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, familia ya skwota katika Nakuru na Naivasha iliweza kuwa na mali kuliko ndugu zao waliobaki kwao. Malisho yalikuwa mapana. Mbuzi na kondoo walizaana, mahindi yaliuzwa, mahari ililipwa bila kukopa. Wapo waliorudi Nyeri kutembea wakionekana matajiri. Mwanahistoria wa Kenya Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameeleza kwa kirefu jinsi watu hawa walivyojijengea uchumi wao ndani ya uchumi wa walowezi.

Kosa lao lilikuwa kufanikiwa. Mifugo ya skwota ilikula nyasi ambazo mlowezi sasa alizitaka kwa ng'ombe wake wa maziwa. Mwaka 1925 kiwanda cha ushirika cha krimu, KCC, kilianzishwa Naivasha, na kuanzia hapo ng'ombe wa kigeni akawa mali. Ng'ombe wa skwota akaitwa mleta magonjwa. Pengine kweli alikuwa na kupe, lakini alikuwa pia mshindani, na hilo la pili halikuandikwa kwenye notisi.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo ya maskwota mashambani. Wenyewe waliipa jina kwa Kiswahili: kifagio. Hawakuhitaji kueleza zaidi. Mifugo iliuzwa kwa bei ya kutupa, ikakamatwa, au ikachinjwa. Mtu aliyeingia Bonde la Ufa na zizi akabaki na vikondoo vichache na ekari moja au mbili. Umaskini wa skwota, basi, una tarehe, na ulipitishwa kwenye vikao.

Na ukimsikia mtu akisema Mau Mau ilianzia msituni, mwambie arudi nyuma kidogo. Ilianzia pia kwenye zizi lililofagiliwa Naivasha.

"Maskwota wote walikuwa Wakikuyu."

Uongo, ingawa katika Nakuru na Naivasha ndio waliokuwa wengi. Walikuwapo Wakipsigis, Wanandi na Wakeiyo kwenye mashamba ya upande wa magharibi hadi Uasin Gishu, na Watugen walioishi kwenye mashamba yanayopakana na Baringo. Baadhi ya hawa walikuwa na jambo la ajabu zaidi: hawakuhama kwenda kwa mlowezi, mpaka wa shamba la mlowezi ndio uliowapitia juu. Mtu alilala akiwa kwao, akaamka skwota.

"Neno hili lina maana moja popote penye Kiingereza."

Uongo kabisa. Australia katika karne ya 19 neno hilo hilo lilimtaja tajiri: mfugaji aliyepeleka kondoo wake kwenye ardhi ya serikali bila kibali, akatajirika, akahalalishwa, na hatimaye akawa bwana mkubwa mwenye farasi wa gharama. Wimbo maarufu wa huko wa mwaka 1895, *Waltzing Matilda*, unamweka upande wa polisi, dhidi ya maskini anayezurura. Yaani mlowezi wa Njoro, aliyepewa maelfu ya ekari za watu wengine, angeenda Sydney angeitwa skwota yeye.

Maana ya mfanyakazi mkaazi ilitufikia kutoka Afrika Kusini, ambako walowezi kadhaa wa Kenya walitoka na ambako sheria za kupanga idadi ya Waafrika wanaoishi kwenye mashamba ya Wazungu zilikuwapo tangu karne ya 19. Neno lilisafiri na mizigo yao, sheria ikiwa ndani yake.

"Watu wa Olenguruone walikuwa maskwota waliokataa amri."

Walikataa amri, hilo kweli. Kuhusu uskwota, waulize wenyewe.

Olenguruone ipo Kuresoi Kusini, juu kwenye baridi ya Mau. Mwaka 1941 serikali iliwahamishia huko Wakikuyu waliokuwa wakiishi sehemu za Wamaasai, pamoja na wengine waliofukuzwa kwenye mashamba ya walowezi. Serikali iliwaona kama watu waliosaidiwa, wanaoweza kuwekewa masharti: ulime hivi, upande kile, ufuge hiki, na shamba lisigawanywe kwa watoto wote. Wao waliona tofauti. Hoja yao ilikuwa kwamba walipewa ardhi hiyo kwa kufidiwa nyingine, kwa hiyo ni yao, na mtu hapangiwi cha kupanda kwenye shamba lake. Kukubali masharti kungekuwa kukiri kwamba bado ni vibarua wa mtu.

Wakakataa kutia saini. Ni hapo, katikati ya miaka ya 1940, ambapo kiapo cha umoja kilitolewa kwa jamii nzima: wanaume, wanawake na hata watoto. Kabla ya hapo kiapo cha namna hiyo hakikuwa cha kila mtu. Mazao yao yalikatwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Kufikia 1950 walikuwa wameondolewa, wengi wao wakipelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani ambako mahindi ya Mau hayawezi kuota. Habari zao zilisambaa kwenye mashamba yote ya Nakuru, ambako maskwota nao walikuwa wakikataa kuweka kidole kwenye mikataba mipya ya ekari chache.

Ugomvi huo wote ulikuwa juu ya hadhi. Kwa hiyo anayeandika kwamba Olenguruone kulikuwa na uasi wa maskwota ameshachukua upande wa serikali ya wakati ule, pengine bila kujua.

"Uhuru ulipokuja, skwota alipata shamba lake."

Baadhi walipata. Wengi walitarajia, na tarajio si hatimiliki.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, makumi ya maelfu ya maskwota Wakikuyu walitolewa Bonde la Ufa na kurudishwa kwa nguvu kwenye hifadhi za kwao, mahali ambapo baadhi yao hawakuwahi hata kulala usiku mmoja. Mvulana aliyezaliwa Kabati-ini, upande wa Bahati, mwaka 1929, kwa wazazi walioishi kwenye shamba la mlowezi, angesema kwao ni wapi? Mvulana huyo ni Josiah Mwangi Kariuki, JM, aliyekuja kuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini na mtetezi wa wasio na ardhi, akauawa Machi 1975.

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962. Serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha zilizokopwa, Uingereza na Benki ya Dunia zikiwamo, kisha ikayakata na kuwauzia Waafrika. Zingatia neno hilo: kuwauzia. Palitakiwa amana, na baada yake mkopo wa miaka mingi. Aliyekuwa na akiba alipata sehemu. Aliyefagiliwa mifugo, akafungwa kizuizini na kurudi mikono mitupu, alisimama kando ya uzio akiangalia wapimaji wa ardhi wakipita na minyororo yao. Mara nyingi shamba lilipobadilisha mikono, wakazi wa zamani ndio waliotangulia kuambiwa wafunge virago.

Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara na mmoja wa waliofungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alilalamikia kufukuzwa kwa maskwota akiwa ndani ya serikali. Mwaka 1964 alipoteza cheo chake cha waziri msaidizi kwa sababu ya msimamo huo. Mwaka 1965 serikali iliteua kamishna maalumu wa maskwota, naye akaanza kuwasajili na kuwatafutia sehemu ndogo katika miradi iliyoitwa Haraka. Jina lilikuwa na kasi kuliko kazi yenyewe.

Wengine walijisaidia. Walichanga, wakanunua hisa katika kampuni za kununua mashamba, na katika Nakuru majina kama Ngwataniro, Nyakinyua na Mutukanio bado yanatajwa kila penye mgogoro wa mipaka. Kupitia hizo, watoto wa maskwota waliingia kama wamiliki kwenye mashamba waliyokuwa wakiyapalilia. Hati zenyewe zilichelewa kwa wengi, na mapigano ya 1992, 1997 na 2008 yalionyesha kwamba hata mwenye hati mkononi aliweza kuitwa mgeni. Hilo ni jeraha ambalo makala haya hayawezi kulieleza lote.

"Aliyeko msituni ni skwota wa hiari."

Inategemea msitu na inategemea mtu. Tangu mwaka 1910 Idara ya Misitu iliendesha utaratibu ambao hata vitabu vya Kiingereza huuita kwa neno letu, mfumo wa shamba. Mfanyakazi wa idara alikaa na familia yake kijijini ndani ya msitu. Alipewa sehemu iliyokatwa miti, akalima viazi na mahindi katikati ya miche ya saiprasi au msonobari, akaitunza miche hiyo kwa miaka kama mitatu hadi ikaanza kutupa kivuli, kisha akahamia sehemu nyingine. Vilima vya Elburgon na Molo vilivyolisha viwanda vya mbao vilipandwa na watu hao. Mfumo uliposimamishwa miaka ya 1980, waliambiwa watoke. Baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ulirudi kwa jina jingine, ila sasa mkulima hulima na kurudi kwake jioni.

Na wapo Ogiek wa Mau, ambao hawakuletwa na idara wala na mlowezi. Waliitwa wavamizi katika msitu wao wenyewe hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipotoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Kumwita Mwogiek skwota ni kutojua historia, au kuijua vizuri mno.

"Skwota wa Pwani ni sawa na skwota wa Nakuru."

Si sawa. Pwani, familia iliyoishi mahali kwa vizazi inaweza kuitwa skwota kwa sababu sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa wengine karatasi, na mwenye karatasi pengine hajawahi kuonekana. Hapakuwa na mkataba wa kazi wala siku 180. Katika shamba la Waitiki kule Likoni serikali iliishia kumlipa mwenye hati, na mwaka 2016 wakaaji wakaanza kukabidhiwa hatimiliki. Mkikuyu wa Solai na Mgiriama wa Kilifi wanashiriki jina tu; kilichowapata ni vitu viwili.

"Ukikaa shambani miaka 12, shamba ni lako."

Hili ndilo linalowagharimu watu fedha, kwa hiyo tulitulie kidogo.

Ni kweli kwamba Sheria ya Vikomo vya Muda wa Mashtaka humpa mwenye ardhi miaka 12 ya kumdai aliyeingia kwake. Akikaa kimya muda huo wote, mkaaji anaweza kwenda mahakamani kuomba asajiliwe yeye kuwa mmiliki. Lakini mengi yameachwa nje ya usemi huo. Ardhi haihamii kwako yenyewe usiku wa mwaka wa 12. Lazima mahakama iseme. Ukaaji uwe wa wazi, usiokatika, na sehemu unayodai iwe inajulikana mipaka yake. Ardhi ya umma haihusiki kabisa: msitu, hifadhi ya barabara, uwanja wa shule, hata ukae miaka 50.

Kubwa kuliko yote ni ruhusa. Ukaaji unaohesabiwa ni ule usio na idhini ya mwenye ardhi. Ukiwa umekaribishwa, umekodishwa au umeajiriwa na kupewa pa kukaa, saa haijaanza kugonga. Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo inamfafanua skwota kuwa anayekalia ardhi ya mtu mwingine bila idhini yake. Sasa weka sheria hizi mbili kando ya mzee wetu wa Solai. Alikuwa na idhini, ya maandishi, yenye alama ya kidole chake. Kwa hiyo kwa sheria ya leo hakuwa skwota, na kwa sheria hiyo hiyo hawezi kudai kwa ukaaji. Mvamizi aliyeruka uzio usiku ana njia ya kwenda mahakamani ambayo yeye hana. Sisemi sheria ni mbaya, ina sababu zake. Ila haikuandikwa mtu wa namna yake akiwa akilini.

Ipo imani nyingine ndogo ndani ya hii: kwamba shamba likiuzwa, hesabu inaanza upya, au kwamba barua ya wakili ya kukutaka uondoke inaisimamisha. Yote mawili si kweli. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 1984 kwamba kubadilika kwa mmiliki pekee hakukatizi muda, na kwamba mwenye ardhi huukatiza kwa kufungua kesi au kwa kuingia na kuishika ardhi yake kwelikweli. Barua haitoshi. Wenye mashamba nao wasikie hilo.

"Mwenye hati anaweza kukutoa siku yoyote anayotaka."

Uongo, na huu unaharibu maisha ya watu kwa asubuhi moja. Mabadiliko ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa anayekalia bila idhini. Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Buldoza linalofika alfajiri bila karatasi yoyote linavunja sheria, hata kama hati ya mwenye nalo ni safi.

Kwa hiyo ukipokea notisi, usiichane na usingoje wiki ya mwisho. Andika tarehe uliyoipokea. Pekua rejista ya ardhi ujue jina lililoandikwa ni la nani hasa, kwani mara nyingine anayekutisha siye mwenye shamba. Tafuta kila karatasi ya wazee: kipande, kadi ya kazi, risiti ya hisa, barua ya kampuni. Ukishazipata, peleka shauri lako katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ipo hapa hapa Nakuru, kabla miezi mitatu haijaisha. Na ukifika mbele ya jaji, swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa lile lile: uliingia kwa ruhusa ya nani?